Kunywa, Kufyonza na Kusharabu: Uhakiki wa Istilahi Zinazochanganywa

Sentensi moja ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Ilikuwamo katika rasimu ya kijitabu cha huduma ya kwanza kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, nami nilitakiwa niipitie kabla haijapelekwa kupigwa chapa. Ilisema hivi: "Mgonjwa apewe mkaa haraka ili sumu ifyonzwe." Mfasiri hakukosea sarufi hata kidogo. Lakini ifyonzwe na nini? Ikifyonzwa na mkaa, mgonjwa huenda akapona. Ikifyonzwa na mwili, huenda akafa. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na kitenzi chenyewe kimekubali kuzitumikia pande zote mbili za ugomvi.

Kosa hili si la mfasiri yule peke yake. Katika maandishi yetu ya sayansi, kufyonza kumegeuzwa kuwa jembe la kila shamba. Mizizi hufyonza maji, utumbo hufyonza chakula, sifongo hufyonza maji, kitambaa cheusi hufyonza mwanga, mbu hufyonza damu, na mkaa nao hufyonza sumu. Neno la kawaida linaweza kubeba mizigo hiyo yote na mazungumzo yakaendelea vizuri. Istilahi haiwezi.

Tuanze na kunywa, maana hilo ndilo neno mama. Kwetu kitenzi hiki hakiachani na kinywa. Ni ndugu wa shina moja. Twasema ardhi imekunywa maji, au wali umekunywa mchuzi, lakini kila asemaye hivyo anajua kwamba ameipa ardhi kinywa isichokuwa nacho. Lugha nyingine zimekwenda mbali zaidi yetu. Katika Kihindi na Kituruki mtu "hunywa" sigara. Katika Kihausa kitenzi sha huchukua maji, dawa, moshi wa tumbaku, na hata taabu: mwenye dhiki "hunywa" dhiki yake. Sisi sigara twaivuta na taabu twaipata. Au chukua karatasi ya kukaushia wino, ambayo vijana wa leo hawaijui. Mfaransa aliipa jina litokanalo na kitenzi chake cha kunywa. Mjerumani aliipa jina la kitenzi cha kuzima, kile kile anachokitumia kwa moto na kwa kiu. Sisi tukaona kwamba inakausha. Karatasi ni ile ile. Basi mfasiri asidhani kwamba mpaka uliochorwa na Kiingereza baina ya vitenzi viwili umechorwa na maumbile.

Kusharabu ni kisa kizuri zaidi. Waarabu wana kitenzi shariba, maana yake kunywa. Kiswahili kilipokipokea kilikuwa tayari na kunywa chake, hakikuwa na haja ya kitenzi cha pili cha kinywa. Kikampa mgeni kazi ya kitambaa na sifongo, yaani kuingiza majimaji ndani pasipo kinywa. Mgawanyo huo wa kazi haukupangwa na kamati yoyote, nao ni bora kuliko mingi iliyopangwa. Wapo wanaolikataa neno hili kwa kuwa eti ni la kigeni. Mzizi huo huo umetupatia sharubati, tena umetupatia sharubu, nywele zinazoonja mchuzi kabla ya mwenyewe. Anayeona haya kusharabu na azinyoe kwanza sharubu zake.

Kunyonya nalo lilikuwa neno safi la mtoto na ziwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, unyonyaji ukawa hasa jina la dhuluma ya mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe, na picha ya mirija ikaenea pamoja nalo. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu ya kufyonza kuenea vitabuni. Nasema tu kwamba mwalimu wa elimu ya viumbe anayeandika "unyonyaji wa mizizi" ubaoni ajiandae kwa vicheko.

Sasa turudi kwenye mkaa. Mkaa unaozungumzwa si wa jikoni, ni ule uliotayarishwa maalumu kwa tiba, wenye vijitundu vingi mno hata gramu moja ikawa na uso unaozidi mita za mraba 500. Sumu haizami ndani ya mwili wa mkaa kama maji yanavyozama katika mkate. Hushikwa juu ya uso huo, hata ule wa ndani ya vijitundu, nayo hubaki hapo mpaka itoke pamoja na choo. Wazungu wenyewe walichelewa kuzitofautisha hali hizi mbili. Jina la hiyo ya pili liliingizwa katika maandishi ya Kijerumani mwaka 1881 na mwanafizikia Heinrich Kayser, kwa kubadili herufi moja tu ya kiambishi cha Kilatini: cha kwanza huonyesha kutoka, cha pili kuelekea. Kwao herufi moja yatosha, ingawa hata wanafunzi wao huikosea. Kiswahili hakitofautishi vitenzi kwa njia hiyo, na wale wanaotuletea "ufyonzaji wa nje" na "ufyonzaji wa ndani" wanaiga kivuli cha Kilatini.

Kitenzi tunacho: kunasa. Ulimbo hunasa ndege juu ya tawi. Ndege haingii ndani ya tawi. Najua kwamba kunasa kumekwisha kupewa kazi ya mitambo ya sauti, na mwingine atasema kunatisha kungefaa zaidi. Sikubaliani naye, kwa kuwa kunatisha huleta gundi akilini, na mkaa hauna gundi. Lakini hata kunatisha ni afadhali kuliko kufyonza.

Kufyonza kwenyewe nakuachia viumbe hai, maana ndani yake mna kuvuta kwa nguvu. Chumvi na sukari ya glukosi huvutwa pamoja na ukuta wa utumbo mwembamba, na maji yakazifuata; ndiyo sababu maji ya chumvichumvi humfaa mtoto anayeharisha. Mtoto huyo anaweza kunywa sana na asifyonze vya kutosha, na muuguzi anayemwelekeza mama anahitaji maneno mawili, si moja. Sifongo, kitambaa na karatasi ziachiwe kusharabu. Mwanga unaoishia katika kitambaa cheusi nao ningeutia humo humo, ijapokuwa hapo sina hoja nzito kuliko sikio langu.

Rasimu niliirudisha ikiwa imeandikwa: "Mgonjwa afikishwe hospitali haraka; huko daktari akiona inafaa atampa mkaa wa tiba, ili mkaa uinase sumu kabla mwili haujaifyonza." Mfasiri alilalamika kwamba sentensi imekuwa ndefu mara mbili na nafasi ya ukurasa haitoshi. Nikamshauri apunguze picha.