Kicheko Mezani kwa Tina

Wazazi wa usharika wakisikia kwamba kijana wao anacheza gemu la risasi, swali la kwanza huwa ni hili: humo ndani anaua watu wangapi? Ni swali la haki, na katika mchezo tutakaouzungumzia jibu lake ni fupi: wengi mno, wala hawahesabiki. Sisi tunaofundisha vijana tumeona kwamba swali hilo peke yake halitufikishi mbali. Tunapenda kuuliza na la pili: humo ndani, mtu akifa, analiliwa na nani? Michezo mingi ya namna hii haina jibu. Mmoja unalo, tena ni mchezo wa kuchekesha, na ndiyo maana tumeuona unafaa kuhakikiwa katika kitabu cha imani.

Mchezo wenyewe ni Borderlands 2, uliotolewa Septemba 2012 na kampuni ya Gearbox Software ya Texas, Marekani. Unachezwa katika sayari ya kubuni iitwayo Pandora, jangwa lililojaa majambazi, wanyama wakali na bunduki za kila namna. Umechorwa kama katuni, kwa mistari minene meusi, na kila kitu ndani yake kinafanyiwa mzaha, pamoja na mauti. Adui anaanguka huku akitoa neno la kuchekesha, na mchezaji anaokota bunduki yake na kwenda zake. Tarehe 25 Juni 2013 ilitoka nyongeza iitwayo Tiny Tina's Assault on Dragon Keep. Kwa asiyejua biashara hii, nyongeza ni sehemu mpya ya hadithi inayouzwa kando kwa mtu aliyekwisha kununua mchezo mkubwa. Hii iliuzwa dola 9.99. Ilikuwa nyongeza kubwa ya nne. Zile tatu za mwanzo zilikuwa za maharamia, za mashindano ya ulingoni na za uwindaji, nazo zinafurahisha tu. Tunaziacha.

Tina ni mtoto wa miaka 13, fundi wa baruti, mwenye maneno mengi na kicheko cha kelele. Katika mchezo mkubwa tunajifunza kidogo kidogo alikotoka. Yeye na wazazi wake waliuzwa kwa mtu mbaya wa hadithi, tajiri aitwaye Handsome Jack, wakafanyiwa majaribio. Wazazi walikufa, mtoto akatoroka. Mtu aliyemlea kwa namna fulani baada ya hapo ni askari mmoja, Roland, kiongozi wa wanaompinga Jack. Kisha, katikati ya mchezo mkubwa, Jack anampiga Roland risasi na kumwua mbele ya macho yetu. Hakuna mzaha pale. Hadithi inaendelea, vita vinaisha, Jack naye anakufa, na mchezo mkubwa unafungwa bila kutuambia Tina aliupokeaje msiba huo.

Nyongeza inaanzia hapo. Tina ameketi mezani na wenzake watatu, Lilith, Mordecai na Brick, wakicheza mchezo wa mezani unaoiga ule maarufu wa Dungeons & Dragons. Katika michezo ya namna hiyo mmoja ni msimulizi. Anaeleza mahali walipo na hatari iliyo mbele, wengine wanasema watafanya nini, na dadu zinaamua kama wamefaulu. (Tunakumbuka kwamba miaka ya 1980 wahubiri wengi wa Marekani waliulaani mchezo huo wakidai ni mlango wa uchawi. Hofu yao ilikuwa kubwa kuliko uchunguzi wao, na sisi wa makanisa ya huku hatuna sababu ya kuirithi.) Msimulizi wetu ni Tina. Yeye akisema kuna msitu, sisi tuko msituni. Akisema kuna mifupa inayotembea, tunafyatua risasi kwa mifupa inayotembea.

Ufundi wote wa nyongeza hii umo humo, katika kutufanya tutembee ndani ya kichwa cha mtoto. Mapema kabisa Tina anatuletea joka lisiloshindika, na sote tunakufa papo hapo. Wenzake wanalalamika kwamba hakuna adui wa kwanza wa namna hiyo. Anakubali kwa shingo upande, na joka linabadilishwa kuwa adui tunayemweza. Baadaye, kwenye machimbo ya mbilikimo, tunatakiwa kuomba msaada kwa mfalme wao kwa heshima. Brick, ambaye hajui njia nyingine ya kuanza mazungumzo, anatangaza kwamba anampiga mfalme ngumi. Basi, tumepata vita na mbilikimo wote. Tulicheka sana, tena kicheko chenye afya, maana kila aliyewahi kucheza na watoto anaifahamu hali hiyo ya sheria kubadilika katikati ya mchezo kwa sababu mwenye mchezo amekasirika au amechoka.

Lakini ndani ya hadithi ya Tina yumo pia Roland. Amemweka kama askari shujaa mwenye deraya, na anamzungumzia kama mtu ambaye bado yupo. Mara ya kwanza jina lake linapotajwa, mezani panakuwa kimya. Wenzake hawajui waseme nini. Lilith anajaribu kumkumbusha kwamba Roland amekufa, na mtoto anaruka juu ya neno hilo kama mtu anayeruka dimbwi, anaendelea kusimulia kwa sauti ya juu zaidi. Jambo hili linarudiwa, na kila linaporudi kicheko chetu kinapungua.

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya kazi hii kwa watu wanaozika kama tunavyozika sisi. Wengi wetu tunajua desturi ya kumwambia mtoto kwamba baba amesafiri. Tunasema hivyo kwa huruma, na mara nyingi kwa woga wetu wenyewe, kisha tunamwacha mtoto akisubiri lango lifunguliwe. Katika nyongeza hii mambo yamegeuzwa: mtoto ndiye anayewaambia watu wazima kwamba mtu amesafiri, na watu wazima ndio wanaopaswa kuamua wamfanyie nini. Inatukumbusha watumishi wa mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, walivyonong'onezana wakiogopa kumwambia kwamba mtoto wake amekufa, na Daudi akaufahamu ukweli kutokana na minong'ono yao. Wafiwa huwa wanajua. Karibu na mwisho Tina naye analipuka na kukiri kwamba anajua. Anajua vizuri kwamba Roland harudi. Anachodai ni kwamba hadithi hii ni yake, na katika hadithi yake Roland yupo.

Wenzake wanamkubalia, wanakaa mezani na kuendelea kutupa dadu. Tunaomba msomaji aangalie ni kina nani hao. Lilith ndiye aliyempenda Roland. Mordecai alikuwa na ndege wake, Bloodwing, aliyekuwa kama ndugu kwake, naye aliuawa na Jack huyo huyo. Meza yote ni ya wafiwa. Lilith anaposahihisha vipengele vya mchezo, mara joka hili ni gumu mno, mara kanuni haisemi hivyo, tunamwona mjane anayeshikilia kanuni kwa sababu hawezi kushikilia kingine. Waandishi hawakutuambia hayo kwa maneno, na tunawashukuru kwa kutotuambia. Sauti ya Tina ni ya Ashly Burch, dada yake mwandishi mkuu Anthony Burch, naye anajua kumpitisha mtoto huyu kutoka kelele hadi kilio bila kutuonyesha mpaka uko wapi.

Ndugu mmoja alituuliza kama si dharau kuchanganya utani na msiba kiasi hiki. Tunamjibu kwa mila zetu. Mahali pengi Tanzania watani wana kazi yao msibani: wanamwigiza marehemu jinsi alivyotembea na alivyofoka, wanazuia jeneza wakidai walipwe, na wapo wanaoingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe chochote. Mgeni anashangaa. Mfiwa aliyekaa siku mbili bila kula anacheka kwa mara ya kwanza, na mara nyingi ndipo kilio kilichokwama kinapotoka. Utani wa Tina unafanya kazi hiyo hiyo, ingawa ametoka Texas na hajapata kusikia habari ya Wangoni wala Wasukuma. Tofauti ni kwamba hapa mfiwa na mtani ni mtu mmoja, na huo ni mzigo ambao mila zetu hazimtwiki mtoto.

Baada ya sifa hizo, tunasema pia kinachotusumbua, maana hakiki isiyo na lawama ni tangazo la biashara.

La kwanza ni ufufuo. Katika Borderlands mchezaji akifa hafi. Mashine inamtengeneza upya na kumkata fedha kidogo, kisha inamtania. Tumekufa hivyo mara nyingi sana katika nyongeza hii, na kila mara tumerudi. Hakuna anayeuliza kwa nini Roland hakupelekwa kwenye mashine hiyo. Tunaelewa kwamba ni kanuni ya mchezo na si sehemu ya hadithi, lakini mtu anayetuomba tumlilie marehemu mmoja hawezi kuuza ufufuo kwa kila mpita njia na kutegemea tusione. Sisi tunaokiri ufufuo wa wafu tunalihisi jambo hili kuliko wengine. Bwana alijua atakalolifanya kaburini kwa Lazaro, na bado machozi yalimtoka, hakuyaharakisha. Mashine ya Pandora inaharakisha kila kitu, na machozi ya Tina yanalazimika kupigania nafasi kati ya mlio mmoja wa bunduki na mwingine.

La pili ni zito zaidi, nalo ni Jack. Tina hamrudishi Roland peke yake. Anamrudisha pia muuaji, sasa akiwa mchawi mkuu wa hadithi, ili ashindwe tena na kudhalilishwa tena. Kisaikolojia ni kweli kabisa. Mfiwa wa mtu aliyeuawa hulala na nyuso mbili, ya mpendwa na ya adui. Lakini nyongeza inaushughulikia uso mmoja tu. Huzuni ya Tina inapewa nafasi, inasikilizwa, inabadilika. Kisasi chake hakiguswi. Ni mtoto huyu huyu ambaye katika mchezo mkubwa alimwalika mtu aliyewauza wazazi wake kwenye karamu ya chai, akamfunga kitini na kumtesa kwa umeme mpaka akafa, huku mchezaji akimlinda asisumbuliwe. Tulitazamia kwamba waandishi walioweza kuandika ukimya ule wa mezani wangethubutu kuuliza mtoto huyu ataishi vipi na chuki aliyobebeshwa. Hawakuuliza. Jack anakufa mara ya pili, tunaokota bunduki zake, tunashangilia.

Kuna na mengine madogo. Kazi za pembeni ni nyingi kupita kiasi, na nyingine zinasimama juu ya vichekesho vya ndani kuhusu michezo na filamu za Marekani, ambavyo kijana wa Morogoro au Kisumu atavipita bila kujua alipaswa kucheka. Lugha ni chafu mahali pengi. Kwa upande mwingine, maadui wa nyongeza ni mifupa, majoka na miti inayotembea zaidi kuliko watu, na kwa mzazi aliyeuliza swali letu la kwanza hiyo ni nafuu kidogo.

Basi, tunawashauri nini walio katika malezi? Marekani mchezo huu umewekewa umri wa miaka 17 na kuendelea, nasi tunakubaliana na kiwango hicho. Haufai kwa darasa la kipaimara. Kwa vijana wakubwa, hasa wale waliozika na hawajazungumza, tunaona ni heri wakacheza pamoja na mtu mzima kuliko kukatazwa na kucheza kwenye banda la gemu peke yao. Mtu mzima huyo asiwe na haraka ya kuhubiri. Akae mezani kama Brick, atupe dadu, asubiri.

Tena wacheze kwa utaratibu wake. Mwaka 2021 nyongeza hii ilitolewa tena ikiwa inajitegemea, kumtangulia mchezo mpya mkubwa wa Tina uliotoka Machi 2022, kwa hiyo sasa mtu anaweza kuinunua bila kuigusa Borderlands 2. Akifanya hivyo atapata majoka, mbilikimo na vicheko vyote, ila Roland kwake atakuwa jina tu. Hakumsikia akitoa amri, hakupigana ubavuni mwake, hakumwona akianguka. Ataketi mezani kwa Tina kama mtu aliyefika matangani bila kumjua marehemu, akiuliza pembeni ni nani waliyemzika.