Baka Jeupe Mgongoni

Katika kazi zote za tiba, hii ya ngozi ndiyo inayoongoza kwa kudharauliwa. Ugonjwa uko nje, kila mtu anauona: jirani analo jina lake, muuza duka la dawa anayo tyubu yake, shangazi anayo majani yake ya kuchemsha. Nami naisifu kwa sababu hiyohiyo. Jambo linaloonwa na wote ni gumu kulitambua, maana kila anayelitazama tayari amekwisha kuamua.

Chukua baka lililopauka kwenye ngozi nyeusi. Likiwa mgongoni au kifuani mwa kijana anayetoka jasho sana, huenda ni mba. Mjuzi hamalizi kwa macho. Hulikwaruza taratibu kwa ukucha, na mba hutoa unga mwembamba hata pale palipoonekana laini. Mabaka ya mashavuni kwa watoto, yale ambayo mama huambiwa ni minyoo, hayana ukingo wa kushikika. Hufifia polepole hadi yakapotelea kwenye ngozi nzima. Aghalabu ni ndugu wa pumu ya ngozi, na huondoka yenyewe kwa miezi. Mbalanga ni habari nyingine kabisa: weupe wake umekamilika, mpaka wake uko wazi, nao hupenda midomo, ncha za vidole na kuzunguka macho, hata nywele zilizoota juu yake zikageuka nyeupe. Palipo na chumba cha giza na taa ya urujuanimno, ile yenye jina la mwanafizikia Mmarekani Robert Wood, weupe huo hung'aa na mjadala ukaisha.

Halafu kuna ukoma. Baka lake halijawa jeupe. Limepauka tu, pengine na wekundu wa shaba. Haliwashi wala haliumi, na kwa hiyo mwenye nalo hana haraka ya kwenda popote. Hapa ndipo ninapouvulia ufundi huu kofia. Mtabibu huchukua nyuzi za pamba, akamgusa mgonjwa kwanza macho yakiwa wazi ili aelewe mchezo wenyewe, kisha humwomba afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Akiguswa bega, anaonyesha bega. Akiguswa kiuno, anaonyesha kiuno. Akiguswa katikati ya baka, ametulia tu, anangoja kuguswa. Baada ya hapo vidole vya mtabibu huenda nyuma ya kiwiko na pembeni mwa shingo kutafuta mishipa ya fahamu, ambayo katika ukoma huweza kuvimba ikawa nene kama kamba. Na bado hajamaliza, kwa kuwa baka la usoni laweza kubaki na hisia zake, na ile aina yenye vijidudu vingi huanza bila ganzi: ndewe za masikio hunenepa, nyusi hupukutika kuanzia upande wa nje. Gerhard Armauer Hansen alimwona bakteria wa ukoma mjini Bergen, Norwei, mwaka 1873. Leo, katika zahanati isiyo na maabara, pamba ile inaendelea kufanya kazi ambayo hadubini haiko hapo kuifanya.

Ufundi huu unahitaji mwanga wa jua kuliko mashine. Mgonjwa husogezwa dirishani, hukaguliwa mwili mzima kwa staha, pamoja na nyayo, kucha na kaakaa. Anayekunjiwa mkono wa shati tu na kuandikiwa dawa hajapimwa. Upele hujificha katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na chini ya mkanda, na swali moja, kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna usiku, lina thamani ya vipimo vingi. Mkanda wa jeshi nao huwa na adabu ya ajabu: hufuata njia ya neva moja upande mmoja wa mwili, ukafika katikati na kusimama.

Vitabu vya zamani, vilivyoandikwa Ulaya juu ya ngozi za Ulaya, vilisema sana kuhusu wekundu wa uvimbe. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huo ni zambarau, au kijivu, au weusi uliozidi tu, na asiyejua hungoja wekundu usiokuja. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London mwenye asili ya Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha picha kuonyesha dalili hizo kwenye ngozi nyeusi. Mtabibu wetu mzoefu alikwisha kuzoea kugeuza kiganja na kupima joto kwa mgongo wa mkono.

Adui mkubwa wa kazi hii si ugonjwa adimu. Ni tyubu ya dukani. Krimu ya steroidi ikipakwa juu ya fangasi hufuta ukingo na magamba, muwasho hupungua, fangasi husambaa, na dalili zilizokuwa zikiongea hunyamazishwa. Mkorogo wa kung'arisha ngozi hufanya hivyohivyo na zaidi, kwani viambato vyake vingine, vikitumika miaka mingi, huacha weusi wa kibuluu usiofutika mashavuni. Mtabibu hubaki na ushahidi uliochezewa.

Magonjwa adimu yana wakati wake. Mwishoni mwa karne ya 19, Pyotr Nikolsky wa Kiev alieleza kwamba katika pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge, ukisugua kwa kidole ngozi iliyo karibu na lengelenge, tabaka la juu huteleza na kutoka. Dalili hiyohiyo huonekana mwili unapoikataa dawa kwa ukali, midomo na macho yakichubuka. Hapo mtu hapewi krimu, hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Tangu 1992, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kimekuwa kikiwafunza kwa miaka miwili matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, kisha kuwarudisha wilayani kwao. Naona huo ni uamuzi wa busara kuliko kungoja mabingwa watoshe, maana mabingwa hukaa mijini na mabaka hukaa vijijini.

Basi, msomaji, omba mtu akutazame mgongo kwenye mwanga wa mchana. Ukikuta baka lisilowasha, lisiloumiza, wala kuhisi unyuzi wa pamba, usilipake kitu chochote. Nenda kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure, matibabu huchukua miezi 6 hadi 12, na anayewahi huzuia ulemavu.