Njia na Mapito: Uhakiki wa Istilahi za Mitandao

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa na baadhi ya watafsiri kutaja ruta, yaani chombo kinachopokea pakiti za data na kuzipeleka mbele, imo "kipanganjia". Kimofolojia istilahi hii haina dosari: ki- ya ala imeungana na kitenzi panga na nomino njia. Dosari yake ni ya kisemantiki. Katika utendaji wa kawaida, ruta haiamui safari nzima ya pakiti. Husoma anwani, hutazama jedwali lake, kisha huikabidhi pakiti kwa ruta inayofuata, nayo hufanya vivyo hivyo.

Kosa hili lingesameheka kama upangaji halisi wa njia usingekuwapo. Lakini upo, tena una historia yake. Katika teknolojia ya MPLS, ambayo usanifu wake ulichapishwa mwaka 2001, ruta ya ukingoni mwa mtandao huweza kukokotoa safari yote kabla pakiti haijaondoka, kwa kuzingatia masharti kama vile nafasi iliyobaki katika kila kiungo. Pakiti hubandikwa lebo, na ruta za ndani hufuata lebo hiyo bila kuchunguza upya anwani ya mwisho. Mwaka 2006 ulichapishwa usanifu unaoruhusu kazi hiyo ya kukokotoa ikabidhiwe chombo maalumu, na mwaka 2009 ikatolewa itifaki ambayo kwayo ruta ya ukingoni hukiomba chombo hicho jibu. Je, chombo hicho kiitwe nani, ikiwa jina la mpangaji limekwisha kupewa asiyepanga?

Tofauti hii si ngeni kwa mkazi wa Bukavu. Kwa miaka mingi, msafiri wa kwenda Uvira aliweza kushuka kwa mteremko wa Ngomo, au kuvuka mto Ruzizi, kupita Bugarama upande wa Rwanda, kisha kuvuka tena hadi Kamanyola. Uamuzi huo haukungoja njia panda. Ulifanywa mjini, kwa kupima hati za kusafiria, uzito wa mzigo na hali ya barabara. Huko ndiko kukokotoa kwa masharti, tena ukingoni. Kuuliza njia katika kila kituo ni jambo jingine.

Vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi vinasaidia kupima suala hili. "Kipanganjia" inafaulu katika uangavu, lakini inashindwa katika usahihi, na uangavu unaopotosha una madhara kuliko giza. Ni kweli kwamba utaratibu uliozoeleka huanza na Kiswahili chenyewe, halafu lugha za Kibantu, kabla ya kukopa kwingine. Hata hivyo, hapa mkopo "ruta" unastahili kubaki. Haudai lolote la uongo, unakaribiana na neno la Kifaransa walilofundishwa mafundi wa Kongo, na unazalisha: ruta ya ukingoni, ruta ya kiini. "Njia" ibaki kwa maana ya jumla, na safari iliyokokotwa yote kabla ya kuondoka iitwe "mapito". Hivyo chombo cha kukokotoa kitakuwa "kikokotoo cha mapito". Pingamizi moja ni la haki: makanisani, mapito ni majaribu ya maisha. Lakini muktadha hutenganisha maana hizo mbili bila taabu.

Ibara ya 1 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hadhi hiyo haitoshi kukifanya kiwe lugha ya fundi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kila ruta hupanga njia atatafuta hitilafu katika kiini cha mtandao, ilhali uamuzi ulifanyika ukingoni. Akishindwa, atarudi kwenye Kifaransa, naye hatakuwa na hatia. Hatia itakuwa ya waliompa neno zuri lisilo kweli.