Wanyama Watokao Katika Bidhaa: Sanaa ya Brian Jungen

Msanii atokaye katika watu walionyang'anywa ardhi yao hukabiliwa na madai mawili yasiyopatana. Dai la kwanza latoka kwa wanunuzi na kwa majumba ya makumbusho: wataka awaletee asili ya wazee wake, nayo iwe safi, ya kale, na yenye kutambulikana mara moja. Wachongaji wa Kimakonde walijua dai hilo zamani. Dai la pili latoka kwa wakati: lamtaka awe mtu wa siku zake, atumie vitu vya siku zake, na aseme habari za siku zake. Akilitii la kwanza huitwa mlinzi wa mila, lakini huenda akawa mchuuzi wa kumbukumbu. Akilitii la pili huitwa msanii wa kisasa, lakini huulizwa amewaacha wapi wazee wake. Wengi hushika njia moja na kuishi na hasara ya kuikosa nyingine. Brian Jungen, mchongaji wa Kanada, amejaribu kupita katikati kwa kutumia maumbo ya wanyama. Safari yake yastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa si kila alilolifanya limefaulu sawasawa.

Jungen alizaliwa mwaka 1970 katika Fort St. John, kaskazini ya jimbo la British Columbia. Baba yake alikuwa Mswisi, na mama yake alikuwa wa watu wa Dane-zaa, ambao tangu kale walikuwa wawindaji wenye kuhama kwa kufuata wanyama na majira. Alisoma sanaa mjini Vancouver katika chuo cha Emily Carr, akahitimu mwaka 1992. Habari ya nchi ya mama yake haina budi kukumbukwa, maana bila ya hiyo kazi zake huonekana kuwa mchezo mtupu. Mwaka 1945 ardhi waliyotengewa watu hao karibu na Fort St. John ilikabidhiwa serikali, na baadaye ikatolewa iwe mashamba ya askari waliorudi vitani. Haki ya madini, iliyopasa kubaki kwa ajili ya wenyeji, ikaenda pamoja na udongo kwa uzembe wa maofisa. Mwaka 1976 mafuta na gesi yakagunduliwa chini ya ardhi hiyo. Wenyeji walishitaki, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikawapa haki mwaka 1995, nusu karne tangu ardhi ilipowatoka.

Kabla ya Jungen alikuwako Bill Reid (1920–1998), ambaye mama yake alikuwa wa Haida, watu wa pwani wenye kuchonga nguzo ndefu na barakoa za mbao. Reid alipomfanya kunguru mkubwa aliyekaa juu ya kombe lenye binadamu wa kwanza, kazi iliyokamilika mwaka 1980 na ambayo imo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha British Columbia, alikuwa na hazina ya maumbo ya wazee mkononi mwake. Jicho lilikuwa na sheria yake, na bawa lilikuwa na sheria yake. Jungen hakurithi hazina hiyo. Dane-zaa si watu wa nguzo, kwa kuwa watu wenye kuhama hawabebi nguzo. Urithi wao ulikuwa ujuzi wa namna nyingine: kuzijua njia za mnyama, kumchuna, kuitengeneza ngozi yake, na kukipatia kazi kila kiungo cha mwili wake. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kazi za Jungen, na ndiyo sababu jina la mchongaji halimkai sawasawa. Katika kazi zake zinazojulikana zaidi hachongi. Huchuna, hukata vipande, kisha huunga na kushona.

Kazi iliyomtoa ni mfululizo uitwao Prototypes for New Understanding, yaani vielelezo vya kwanza vya maelewano mapya, alioufanya tangu mwaka 1998 hadi 2005. Alichukua viatu vya michezo vya Nike, aina ya Air Jordan, akavifumua, akavishona upya vikawa barakoa zinazofanana na zile za pwani ya kaskazini-magharibi: midomo ya ndege, macho makali, na nywele za watu zikining'inia katika baadhi yake. Rangi zilikuwa tayari zimo viatuni, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nazo ndizo rangi zinazotumiwa sana pwani huko. Jumla yake ni barakoa 23, idadi iliyo sawa na nambari ya jezi ya Michael Jordan, mchezaji ambaye viatu vyaitwa kwa jina lake. Ziliwekwa katika masanduku ya vioo, kama ziwekwavyo barakoa za kale katika makumbusho. Mtazamaji aijuaye historia hawezi kuyatazama masanduku hayo kwa moyo mtulivu. Wenyeji wa pwani walikuwa na sherehe za kugawa mali na kucheza barakoa, ziitwazo potlatch. Sheria ya Kanada ilizipiga marufuku tangu mwaka 1885 hadi 1951, na barakoa nyingi zilizotwaliwa baada ya watu kukamatwa mwaka 1921 ziliishia makumbushoni.

Hoja ya barakoa hizo ni kali. Kiatu cha bei kubwa kilichowekwa kiooni dukani, na barakoa iliyowekwa kiooni makumbushoni, vyote viwili vimetengwa na mwili uliopasa kuvivaa. Tena msanii amechukua kwa makusudi sura zisizo za watu wa mama yake, akaonyesha jinsi mgeni anavyowatia wenyeji wote katika kapu moja. Lakini hoja kali si lazima iwe sanaa timilifu. Barakoa ya kwanza humshtua mtazamaji, ya tano humchekesha, na ya ishirini humkuta amekwisha kulijua jibu. Na watu wa soko la sanaa, ambao ndio waliodhihakiwa, walizipenda mno, hata mzaha juu ya bidhaa ukawa wenyewe bidhaa. Udhaifu huo hautibiki kwa werevu peke yake. Ndege aliyeko katika barakoa hizo ni ndege wa ishara tu. Ametumwa kupeleka ujumbe juu ya maduka, na akiisha kuupeleka hana kazi nyingine.

Mwaka 2000 mnyama mwenyewe alitokea. Kazi iitwayo Shapeshifter, maana yake mwenye kujigeuza umbo, ni mifupa ya nyangumi iliyotundikwa hewani kama itundikwavyo mifupa ya kweli katika makumbusho ya elimu ya viumbe. Lakini kila mfupa umekatwa katika viti vyeupe vya plastiki, vile viti rahisi vya kupandanishwa ambavyo ulimwengu mzima wavijua, na ambavyo katika miji ya Afrika Mashariki hupangwa arusini na matangani bila ya mtu kuviangalia mara mbili. Mpindo wa egemeo na wa mkono wa kiti umekuwa mpindo wa ubavu na wa taya. Kazi hiyo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada, mjini Ottawa. Ilifuatwa na Cetology mwaka 2002, yenye urefu wa zaidi ya mita 12, kisha Vienna mwaka 2003. Mwaka huo wa 2002 Jungen alipewa Tuzo ya Sobey, akiwa msanii wa kwanza kuipata.

Uzuri wa nyangumi hao ni kwamba hawamalizwi kwa kufahamika. Akiwa mbali mtazamaji huona mnyama. Akikaribia huona viti. Akirudi nyuma humwona mnyama tena, wala kujua kwake habari ya viti hakumwondoi nyangumi. Kisha fikira huanza kwenda zenyewe. Plastiki hutokana na mafuta ya ardhini, na mafuta hayo yametokana na viumbe vidogo vya bahari za kale. Nyangumi naye alisakwa karne nyingi ili mafuta yake yawashe taa za watu, mpaka mafuta ya ardhini yalipochukua nafasi yake. Basi kiti, mafuta na nyangumi ni pingili za uti mmoja wa mgongo. Na atakayeikumbuka ardhi ya Fort St. John, na kile kilichopatikana chini yake mwaka 1976, ataona kwamba mnyama huyu wa bahari hayuko mbali sana na nyika za wawindaji. Sanamu haisemi lolote juu ya habari hizo wala haina haja ya kusema.

Pana na jambo la pili. Jijini Vancouver, nje ya nyumba ya samaki na viumbe wa baharini, Reid alisimamisha mwaka 1984 nyangumi muuaji wa shaba mwenye kuruka juu kwa fahari, hali ya kuwa ndani ya nyumba hiyohiyo nyangumi wauaji walio hai walikuwa wakizunguka tangini. Wa mwisho wao aliondolewa mwaka 2001. Nyangumi wa Reid ni mfalme wa bahari, na jina la sanamu lasema hivyo. Nyangumi wa Jungen ni mifupa chini ya taa za jumba la maonyesho. Wote wawili ni wa kweli, lakini ni wa pili anayemwuliza mtazamaji kwa haki gani amekuja kutazama.

Baada ya hapo mwendo wake haukuwa sawa. Mwaka 2004, mjini Montreal, aliwajengea paka wasio na wenyewe makao ya kupandia na kulala, na mwaka 2012, mjini Kassel, Ujerumani, alitengeneza uwanja wa mbwa. Kazi hizo zina heshima yake, kwa sababu mnyama ndani yake ni mgeni wa kukaribishwa. Lakini Crux ya mwaka 2008, iliyotundikwa mjini Sydney, ambamo mamba, papa na wanyama wengine wa Australia wameundwa kwa mabegi ya safari, yaonyesha hatari ya ufundi uliokwisha kuzoeleka. Begi huzungumza juu ya safari, na wasafiri wa siku hizi ni pamoja na wasanii wenyewe. Mamba hana la kuongeza katika mazungumzo hayo. Kati ya bidhaa na mnyama hapana damu inayounganisha, ila mfano tu.

Damu hiyo ilirudi mwaka 2022, mjini Toronto, nje ya Jumba la Sanaa la Ontario. Huko yuko tembo aliyeundwa kwa makochi ya ngozi yaliyotupwa, kisha akasubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, hata mikunjo ya mito na mishono ya fundi ikabaki juu ya mwili wake. Jina lake ni Couch Monster, dubwana la kochi, na mbele yake limeongezwa jina la Kidane-zaa, Sadzěʔ yaaghęhch'ill, lenye maana ya moyo wangu unachanika. Asili yake ni habari ya Jumbo, tembo aliyenaswa akiwa mtoto kaskazini-mashariki ya Afrika, akaonyeshwa London tangu mwaka 1865, akauzwa mwaka 1882 kwa Barnum, mwenye sarakasi Mmarekani, na kuuawa na gari la moshi katika St. Thomas, Ontario, mwaka 1885. Wako wanaolinasibisha jina lake na maneno ya Kiswahili jambo au jumbe, ijapokuwa nasaba hiyo haijathibitishwa. Baada ya kufa alichunwa. Ngozi yake ilijazwa ikatembezwa kwa maonyesho, na mifupa yake ikatembezwa mbali nayo. Ngozi iliungua kwa moto mwaka 1975, na mifupa iko New York.

Ukiitazama habari hiyo, kazi nzima ya Jungen huonekana kwa mwanga mwingine. Jumbo aligawanywa akawa mifupa na ngozi ili watu walipie kuviona. Jungen alianza na ngozi ya viatu, akaenda kwenye mifupa ya plastiki, akafikia tembo mzima aliyerudishiwa mwili kwa ngozi zilizokaliwa na watu. Ujuzi wa wawindaji ulikuwa kumchukua mnyama na kumfanya mavazi, hema na chombo. Jungen ameirudia njia hiyo kwa kuanzia mwisho wake. Amechukua chombo na kukitafutia mnyama aliyepotea ndani yake. Pale anapompata, kama katika nyangumi na tembo, hahitaji kuvaa joho la mila wala kulivua, kwa sababu mila iko katika mkono unaofanya kazi. Pale anapomkosa hubaki werevu, na werevu huchakaa upesi.

Kwa hiyo si haki kumsifu Jungen kwa mzaha, kama wengi walivyozoea. Mzaha ni mlango wake tu. Katika barakoa za viatu mtazamaji huweza kucheka akaenda zake akiwa na amani, lakini mbele ya tembo wa Toronto, mwenye mishono ya kochi mwilini na jina la moyo uchanikao, kicheko hakina pa kukaa. Msanii aliyeanza kwa kulidhihaki soko amefika mahali pa kuomboleza, na maombolezo hayo ameyatia jina kwa lugha ya mama yake, katikati ya jiji kubwa, mahali ambapo wapita njia wote ni lazima walione.