Maria Salome ya Saida Karoli: sisi tuliokariri kiitikio

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuanza na swali moja: msanii huyu anasema nini? Ni swali zuri, na limetuvusha katika riwaya na tamthiliya nyingi. Lakini ipo kazi moja ambayo kila nikiliuliza swali hilo nakwama, na nadhani si mimi peke yangu. Kazi hiyo ni Maria Salome, albamu ya kwanza ya Saida Karoli, iliyotoka mwaka 2001. Nchi nzima iliicheza. Kwetu Mpanda ilichezwa mpaka kanda zikawa zinakatika na kuungwa kwa rangi ya kucha. Alichokuwa anasema msanii, wengi wetu hatukijui hadi leo.

Saida Karoli ni mzaliwa wa Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, na lugha yake ya kuimbia ni Kihaya. Aliingia studio na nyimbo za shamba, akaziimba kama zinavyoimbwa shamba. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Vijana wa mjini walikuwa wameshika bongo fleva, wakubwa walikuwa bado na dansi na taarabu, na nyimbo za makabila zilihesabiwa kuwa ni za kupokelea viongozi uwanja wa ndege.

Makala hii inadai jambo moja tu. Albamu hii tuliipokea kwa kiitikio chake, tukaiacha iliyobaki. Kufanya hivyo kuna hasara, na sisi watu wa Katavi ni miongoni mwa wanaoilipa.

Kanda inafika Mpanda

Mwaka 2001 Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuanzishwa mwaka 2012. Vitu vingi vilitufikia kwa treni ya kutoka Tabora kupitia Kaliua, hasa wakati wa masika ambapo barabara ilikuwa haina tofauti na jaruba la mpunga. Mjomba wangu alikuwa anauza kanda jirani na stesheni. Alikuwa na redio kaseti moja, spika mbili za mbao, na kalamu za biki za kurudishia kanda kwa mkono ili kuokoa betri.

Juzi juzi nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu kanda ile.

"Watu walikuwa hawaijui jina," akasema. "Wanakuja wananiambia, nipe ile ya karanga. Basi, nawapa ile ya karanga."

Alikuwa anasema juu ya wimbo uliobeba jina la albamu, ambao watu wengi mpaka sasa wanauita Chambua Kama Karanga.

"Na nyimbo nyingine za kwenye kanda ile, mjomba, unazikumbuka?"

"Aka! Nani alikuwa anafika huko? Ukiiacha iendelee tu, watu wanakupigia kelele: rudisha, rudisha."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Mjomba hakusoma uhakiki, lakini ameeleza mapokezi ya albamu hii kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Fani

Tuanze na yale ambayo hata asiyejua Kihaya anayasikia. Kwanza ni sauti yenyewe. Saida haimbi kwa kukaza koo. Sauti yake ni laini, inapanda bila kujisukuma, na hata inapofika juu haipigi kelele. Pili ni mpangilio wa kupokezana: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na ngoma inashikilia chini. Mpangilio huu si mali ya Wahaya peke yao. Msukuma anayelima kwa wimbo anaujua, na Mnyamwezi anaujua. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye maneno, msikilizaji wa Mpanda alikuwa tayari amekaa mahali anapopafahamu.

Tatu, na hapa ndipo penye siri, wimbo ule maarufu uliwekewa kipande cha Kiswahili. Kipande chenyewe ni kifupi, kina picha ya kazi ya mikono ambayo kila mtoto aliyewahi kuketi jikoni ameifanya, na kinarudiwa. Katika fasihi simulizi kiitikio ni nafasi ya hadhira. Mtu anaweza kufika ngomani amechelewa, hajui kisa kilianzia wapi, lakini akiambiwa itikia hivi, anaitikia, na anakuwa mmoja wa wenye ngoma. Saida alitufanyia ukarimu huo. Alituwekea kigoda mlangoni, sisi tusiojua lugha ya mwenye nyumba.

Tusisahau pia kwamba nyumba hiyo ni ya zamani. Wahaya wana utenzi wa nanga, unaoimbwa kwa kufuatisha ala ya nyuzi, na Profesa M. M. Mulokozi aliuandikia tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1986. Hugh Tracey, aliyezunguka na mitambo yake Tanganyika mwaka 1950, alirekodi Wahaya pia. Saida si mpiga nanga wala haimbi visa vya mashujaa wa kale, lakini ametoka katika watu ambao sanaa yao ya maneno imeshasikilizwa, ikaandikwa, ikajadiliwa. Nitarudi kwenye jambo hili.

Maudhui

Hapa ndugu msomaji anategemea nimpe dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Sina. Na sitajifanya ninazo kwa kuokoteza maneno mawili matatu niliyoelezwa bwenini.

Wapo watakaosema haina neno, maana muziki hauna lugha. Usemi huu unapendwa sana na watangazaji wetu. Mimi naona ni usemi wa mtu mvivu. Nikiwa mtoto tulikuwa na jirani, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Bukoba aliyepangiwa kazi Mpanda. Siku moja kwenye ubarikio wimbo ukapigwa, watu tukaruka. Mwalimu hakuruka. Alikaa na soda yake anasikiliza, halafu mahali fulani, mbali kabisa na kiitikio, akacheka. Alicheka peke yake, mpaka akajifuta macho. Sisi tukaendelea kucheza. Kama muziki hauna lugha, mwalimu yule alikuwa anacheka nini?

Wengine watasema: bwana, harusini watu wameenda kucheza, hawakwenda darasani, na mbona Kilingala tumekicheza miaka yote bila kukijua? Hoja hii ina uzito, hasa kwetu ambao ukisimama Karema unatazama upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Lakini tuitazame vizuri. Mwaka 1985 Franco alitoa wimbo wake Mario, kwa Kilingala, kuhusu kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Watanzania hawakuishia kucheza. Waliulizana Franco anasema nini, wakaambizana, wakakiweka kisa kile katika lugha yao. Mpaka leo mwanaume wa namna hiyo tunamwita marioo. Neno limeingia katika Kiswahili kutoka wimbo ambao wengi wa wachezaji wake hawakujua hata sentensi moja ya Kilingala.

Kwa hiyo kuuliza tunaweza. Kwa mwanamuziki wa Kinshasa tuliuliza. Kwa mwanamke wa Bukoba, mwananchi mwenzetu, ambaye wenye lugha yake wamejaa katika shule, hospitali na ofisi za nchi nzima, hatukuuliza. Kwa nini? Nafikiri ni kwa sababu Kilingala kilitujia kama lugha ya ustaarabu wa mjini, lakini Kihaya tulikihesabu kuwa kilugha. Cha kilugha hutarajii kiwe na hoja. Unatarajia kiwe na mdundo.

Mwaka huohuo 2001 Profesa Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu. Albamu ile kila mstari wake tuliusikia, na wanafunzi wa fasihi wameichambua kwa dhihaka yake ya wanasiasa na kwa mengine mengi. Anastahili. Lakini matokeo yake ni kwamba katika maandishi yetu mwaka ule una msanii mmoja mwenye mawazo na mwingine mwenye sauti nzuri. Mgawanyo huo haukutoka katika kazi zenyewe. Umetoka masikioni mwetu.

Kilichofuata kimethibitisha. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, wakiujenga juu ya wimbo ule wa Saida. Ni kazi iliyotengenezwa kwa ufundi, na ilimrudisha Saida midomoni mwa watu. Lakini sikiliza kilichovuka na kilichobaki nyuma. Jina limevuka na kiitikio kimevuka. Maelezo ya katikati yameandikwa upya kwa Kiswahili. Simlaumu Diamond. Alichukua kile ambacho taifa lilikuwa limekihifadhi, na taifa lilikuwa limehifadhi mlango bila nyumba. Mwaka uliofuata, 2017, Saida mwenyewe alirudi na Orugambo. Neno hilo la Kihaya maana yake ni uvumi, maneno ya watu. Hata jina hilo ilibidi nielezwe na mwenzangu wa chumbani.

Na sisi wa Katavi?

Msomaji anaweza kujiuliza mambo ya Bukoba yanamhusu nini mtu wa Mpanda. Yanamhusu hivi. Wahaya wana Saida, wana Tracey, wana Mulokozi. Hata sisi tusipouliza, maneno yao yapo mahali yanasubiri mtu wa kuyauliza. Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Watongwe wana nini kilicho dukani? Kijana wa Usevya au Inyonga akitaka kuimba kwa lugha ya nyumbani, ushauri anaoupata ni ule ule: weka Kiswahili, hicho kilugha nani atakisikiliza? Redio zetu kwa kawaida ni za Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo mshauri wake hakosei kibiashara.

Naungana naye nusu. Saida ametuonyesha kwamba inawezekana kuimba kwa lugha ya shambani kwako na ukafungua mlango mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Huo ni ufundi wa kuigwa, na kwangu ndio mchango mkubwa wa albamu hii. Lakini ufundi huo unahitaji mgeni anayeinuka kwenye kigoda akauliza ndani kuna nini. Asipokuwepo, msanii anayefuata atajifunza kwamba inatosha kujenga mlango.

Sasa niseme langu. Bibi yangu mzaa mama ni Mpimbwe. Alikuwa na nyimbo za kutwangia, tukiwa watoto tulimwitikia. Niliporudi likizo nilijaribu kuziandika. Nikagundua kwamba ninachojua ni tulichokuwa tunaitikia sisi. Yale marefu ya kwake, ambayo kwayo mara nyingine mama na mama zangu wadogo walikuwa wanatazamana na kunyamaza, sina hata neno. Kwa Kihaya naweza kujitetea kwamba ni lugha ya watu. Kwa bibi najitetea vipi?

Hitimisho

Kwa mtazamo wangu Maria Salome ni albamu iliyofaulu. Kifani imekamilika, na iliupeleka wimbo wa shamba mahali ambapo haukuwa unafika. Kama kuna kasoro, kubwa zaidi ni ya hadhira, na wahakiki tumo katika hadhira hiyo. Tumeandika juu ya "ujumbe" miaka yote, kumbe tulimaanisha ujumbe ulioletwa kwetu kwa Kiswahili.

Dawa yake si ngumu. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa Kihaya, wa Kigogo, wa Kifipa, wa Kipimbwe. Mtu na mwenzake wakae na kanda moja, waiandike mstari kwa mstari, watafsiri, walete humu tubishane. Mimi nimeshamwomba mwenzangu wa chumbani tuanze na Maria Salome, na tutaanza na zile nyimbo ambazo kwa mjomba hazikuwahi kufikiwa. Mwalimu yule alihama zamani, sikupata kumuuliza alicheka nini. Bibi bado yupo, masikio yake ni mazima, na likizo ni mwezi ujao.