Ujiji Kabla ya Mwembe

Ujiji hausomeki vizuri ukianzia kwenye mwembe. Nasema hivyo baada ya kushuka kutoka Heru Juu na kuuzunguka mji ule kwa miguu, bila mwongozaji, nikiwa na kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, How I Found Livingstone, kwenye simu. Nilitaka kujua jambo moja tu: kitabu kile kinausaidia mji, au kinauziba?

Kwa kiasi kikubwa kinauziba. Kitongoni, kila niliposimama kutazama mlango wa zamani au ukuta wa udongo unaomeguka, alitokea mtu wa kunisaidia: "Kaka, umepotea? Livingstone yuko kule chini." Na kweli yuko. Kuna mnara wenye ramani ya Afrika, kuna miembe inayosemekana imetokana na ule wa zamani, na ndani ya makumbusho kuna sanamu za wazungu wawili wakisalimiana. Ziwa lenyewe limerudi nyuma, kwa hiyo mnara umebaki nchi kavu kama mtumbwi uliosahauliwa. Mji mzima wa biashara, uliokuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, umebanwa ndani ya sentensi ya maneno manne ya Kiingereza.

Tena sentensi yenyewe ina mashaka. Tim Jeal, katika wasifu wa Stanley aliouchapisha mwaka 2007, anaonyesha kwamba kurasa za shajara zinazohusu mkutano ule zilichanwa, na anaamini maneno yale yalitungwa baadaye. Hata tarehe 10 Novemba 1871 ni hesabu ya Stanley mwenyewe. Halafu kuna hili, limo kitabuni waziwazi: mtu wa kwanza kumsalimia Stanley kwa Kiingereza pale Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Susi huyohuyo ndiye, pamoja na Chuma na wenzao, aliyeubeba mwili wa bwana wake mpaka pwani baada ya kifo cha mwaka 1873. Kwangu mimi, salamu ya Susi ndiyo salamu ya Ujiji. Ni ya mwenyeji anayempokea mgeni.

Sasa rudi nyuma kurasa kadhaa, kabla ya mwembe. Hapo ndipo kitabu kinakuwa kizuri, na kibaya. Stanley anaufikia mto Malagarasi, anawalipa wenye mitumbwi wamvushe, na punda wake mmoja analiwa na mamba. Kisha anaingia Uha. Nchi yetu. Huko anatozwa hongo ya vitambaa, analipa huku akinung'unika, halafu anaambiwa mbele kuna watemi wengine wanaosubiri zamu yao. Anaandika kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Hebu tulitazame neno hilo, hongo. Leo mtu akisema hongo tunaelewa rushwa, ya chini ya meza. Katika lugha ya misafara ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu: ulijulikana, ulijadiliwa, ulilipwa mchana kweupe. Msomaji wa sasa akimsoma Stanley kwa maana ya leo, anaungana naye kuwahukumu Waha bila kujua. Mimi naona watawala wanaokusanya mapato mpakani, wakali pengine, lakini si wezi. Stanley mwenyewe alitokea Marekani, na bandari za huko nazo zilikuwa na forodha.

Anaamua kutoroka. Usiku, kimyakimya, anauongoza msafara porini ili asilipe tena. Katikati ya safari hiyo mwanamke mmoja anapandwa na hofu na kuanza kupiga kelele. Stanley anamchapa mjeledi mpaka anyamaze, kisha anaamuru afungwe kitambaa mdomoni na aongozwe mbele. Anasimulia bila aibu, kama tatizo la kiufundi lililotatuliwa. Jina hampi. Siku chache baadaye msafara unaingia Ujiji kwa bendera na milio ya bunduki, na mwanamke yule, kama alifika, yumo humo kwenye shangwe. Watalii wanaposimama chini ya mwembe, hakuna anayewasomea ukurasa huo.

Sitaki kitabu kitupwe. Stanley anajua kuandika. Usiku ule wa Uha unatisha hata leo, na unamshtaki vizuri kuliko ambavyo mpinzani wake angeweza. Ninacholalamikia ni matembezi yanayoanzia ukurasa wa mwisho. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya misafara, kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji, kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Basi tusome kama njia. Pembeni ya Stanley aweke mtu Maisha ya Tippu Tip, na safari ya Selemani bin Mwenye Chande iliyochapishwa na Velten mwaka 1901, Waswahili wanaosimulia bara kwa Kiswahili, nao pia wakiwa na lawama zao za kujibu kwa wenye nchi.

Ukienda, usianzie chini. Panda gari la Kasulu asubuhi, uione milima, upite Heru Juu alipokaa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala Heru. Mfungulie hapo Stanley kwenye sura ya Uha, usome mpaka kwenye kile kitambaa. Ujiji utaukuta jioni.