Heko kwa Wasaka Dengu Mwitu

Mkulima wa Shinyanga hupanda dengu mvua zikielekea ukingoni, zikue kwa unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi. Ndugu wa mwituni wa dengu hizo wako mbali: kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Uturuki. Dengu mwitu ni kijimea kinyonge, maganda yake hupasuka na kumwaga punje. Mbuzi tu ndiye angekijali!

Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzao wa Uturuki walikifuata huko huko, wakakusanya mbegu na hata udongo, kisha wakasoma vinasaba vyake. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kufanywa zao la shambani kumeipotezea dengu zaidi ya asilimia 93 ya anuwai ya vinasaba iliyoko porini. Wamezichavusha dengu za shambani kwa za mwituni, wakisaka ustahimilivu wa ukame na joto.